Makabati ya Hajati Nabila

Lanyero alifungua kabati lililo juu ya sinki, akachungulia ndani, kisha akalifunga taratibu. Akafungua la chini. Hilo hakulichungulia. Alirudi nyuma, akakohoa huku ameziba mdomo kwa ngumi, akamtazama wifi yake aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Wifi, haya makabati yanaweza kusafishwa?" aliuliza.

Maimunah alijibu kwamba yanaweza. Alimpa mgeni chai, wakainywa barazani wakiongea juu ya mvua na bei ya mkaa. Lanyero alipoondoka kwenda kupanda bodaboda, Maimunah alibaki ameketi palepale, kikombe tupu mapajani, swali lile likimwasha kama upupu. Mama yake hajamaliza hata mwaka kaburini, na tayari kuna mtu wa kusimama katikati ya jiko lake na kukunja pua.

Nyumba hiyo ilikuwa Ggaba, jijini Kampala, kwenye mteremko juu ya soko la samaki. Ilijengwa na baba yao, Mzee Sulaimani, fundi wa magari ya jeshi, mtu wa Kinubi aliyezaliwa Bombo akahamishwa kila kambi kabla ya kupata kipande chake cha ardhi. Makabati ya jikoni aliyachongesha kwa mbao za mvule, akayapigilia plaiwudi kwa nyuma, akamkabidhi mkewe siku aliporudi kutoka Hija. Tangu siku hiyo jiko likawa la Hajati Nabila, na mtu aliingia humo kwa idhini yake.

Lanyero hakuwahi kuipata idhini hiyo. Alikuwa askari polisi, Mwacholi kutoka Gulu, Mkatoliki, na alipoolewa na Yasiin, kitinda mimba wa nyumba ile, Hajati alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kukubali. Alimpokea barazani, baadaye akampokea sebuleni, hata kwenye msiba wa mumewe alimketisha karibu naye. Jikoni hakumpokea. Alisema hajui wanakula nini huko kwao Kamwokya, na sufuria zake ni za halali. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa ile, Lanyero alikuwa akiletewa chakula chake nje, kwenye sahani moja yenye maua mekundu ambayo hakuna mtu mwingine aliyeigusa.

Sasa Hajati alikuwa amezikwa Bombo kando ya mumewe, na Yasiin alikuwa ameamua kuhamia Ggaba na familia yake. Mwenye nyumba waliyopanga Kamwokya alitaka kuibomoa ajenge ghorofa. Yasiin mwenyewe alikuwa njiani kama kawaida, akiendesha lori kati ya Kampala na Juba, na mipango yote ilikuja kwa simu.

Jioni hiyo, baada ya kuswali, Maimunah aliingia jikoni, akapiga magoti mbele ya kabati la chini, akafungua milango yote miwili na kuingiza kichwa ndani. Akatulia, akavuta pumzi.

Ilikuwa harufu ya kitambaa kibichi kilichosahaulika kwenye ndoo. Chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, nzito zaidi, kama udongo wa mahali pasipofikiwa na jua, na juu yake vumbi la mukene, dagaa wa ziwani, waliosagwa kwa ajili ya uji, mkebe wake ukiwa umeshika kutu kwenye kona. Maimunah alitoa kichwa, akaketi sakafuni. Alikuwa ameishi na harufu ile kila siku ya Mungu na hakuwahi kuisikia. Alikuwa ameizoea, kama alivyozoea harufu ya dawa, ya mkojo, ya mafuta ya kupaka mgongo usioweza kujigeuza wenyewe kitandani.

Alikuwa ameacha kibanda chake cha mivumba, nguo za mitumba, sokoni Nateete alipokuja kumuuguza mama yake. Alidhani ni kwa muda tu, mpaka mkono na mguu vilivyopigwa na kiharusi vipate nguvu. Havikupata. Binti yake wa pekee aliolewa Arua bila yeye kukaa hata wiki nzima ya harusi. Jikoni alitumia sufuria mbili tu, ya uji na ya maji ya kukandia. Mengine yote, sahani za Idi, chupa za chai, bilauri za wageni, aliyafungia makabatini na kuyaacha humo. Hakuna mgeni aliyekuja kukaa. Waliokuja walisimama, wakampa pole, wakaenda zao.

Kesho yake alianza kazi.

Alitoa kila kitu, akakipanga kwenye mkeka sebuleni. Sukari iliyokuwa imeganda kama jiwe aliitupa, na unga ulioshikana, na mukene. Alichemsha maji, akatia sabuni ya unga, akasugua rafu moja baada ya nyingine kwa brashi ya nguo mpaka mikono ikamvimba. Maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai. Alipomaliza alifuta kwa kitambaa na kufunga milango vizuri, kama mama yake alivyomfundisha, maana kabati lililo wazi ni mwaliko wa mende.

Asubuhi alipofungua, harufu ilimpiga usoni kuliko jana. Unyevu wa maji ya kuoshea ulikuwa umefungiwa ndani usiku kucha.

Basi akaanza upya. Safari hii alitumia siki, akaipaka kwa sponji kwenye kila kona, akaacha milango wazi mchana kutwa. Jiko zima lilinuka achari. Siki ilipokauka, uvundo ulikuwepo palepale ukimsubiri. Akaweka magadi kwenye visahani. Akaweka vipande vya mkaa kwenye makopo, kopo moja kila rafu. Dada yake mkubwa, Habibah, alipopiga simu kutoka Nateete, alimwambia achome yote aagize mapya ya kisasa, kisha akaeleza kwa kirefu jinsi wajukuu walivyomchosha. Maimunah alimsikiliza, simu imebanwa begani, mikono ikiwa bado kwenye ndoo.

Mwishowe alichukua chetezo cha mama yake, akatia bakhuri, akakifungia ndani ya kabati la chini mpaka moshi ukatokea kwenye nyufa. Kwa saa chache alifurahi. Lakini bakhuri ilipopoa, kabati likawa kama mtu aliyejipaka manukato bila kuoga. Maimunah alifunga mlango, akaegemeza paji la uso juu yake. Mgongo ulimuuma toka kiunoni hadi shingoni, na hakukumbuka mara ya mwisho ulipokuwa haumuumi.

Siku hiyo Yasiin alipiga simu. Alikuwa Nimule, mpakani, kwenye foleni ya malori, na sauti yake ilikuwa ikija na kupotea. Alimuuliza makabati yamefikia wapi. Akasema Lanyero amemwambia jikoni kuna unyevu na kwamba mtoto wao mdogo hawezi kuishi nao, kwa hiyo afanye bidii, kwani mwenye nyumba wa Kamwokya hatawaongezea muda. Maimunah alisema anafanya bidii.

"Na wewe usiwe na wasiwasi, dada," Yasiin alisema. "Nimeshaongea na Habibah. Amekuandalia kitanda kule Nateete, chumba cha wajukuu. Mtasaidiana."

Nje, mwanamke alikuwa anapita akiuza samaki, akiita kwa sauti ya kuchoka.

"Dada, uko?"

"Niko."

"Ni sawa, eti?"

"Sawa," alisema Maimunah, na simu ikakatika.

Hakulia. Alitazama visahani vya magadi vilivyopangwa kwenye rafu kama sadaka, akatambua kwamba alikuwa analisafisha jiko la baba yake ili aondoke. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amehamishwa kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa watoto wa watu, kama kiti kinachotolewa chumba hiki kuingizwa kile. Na neno "sawa" lilikuwa limetoka kinywani mwake lenyewe, kwa mazoea, kama lilivyotoka miaka yote mama alipoita.

Siku mbili zilizofuata hakugusa kabati lolote. Alilala mapema, akaamka amechoka.

Lanyero alikuja asubuhi ya Jumamosi, moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Sare yake ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko, amevaa fulana iliyochujuka na sketi ya kitenge. Macho yake yalikuwa mekundu. Alileta roleksi mbili, chapati zilizokunjwa na mayai, bado za moto ndani ya gazeti, na mfuko mwingine wa vifaa: bisibisi, nyundo ndogo, msasa. Alisimama kwenye kizingiti cha jiko, hakuingia.

"Nimekuja tusaidiane," alisema. "Kama unaniruhusu."

Maimunah alitaka kusema kwamba anamaliza mwenyewe. Aliona jinsi Lanyero alivyokuwa amesimama, vidole vya miguu vimefika ukingoni mwa sakafu ya jiko na kuishia hapo. Hata siku ile ya kwanza alipokuja kutazama makabati, alikuwa amengoja aambiwe karibu.

"Ingia," alisema. "Na usiwe unauliza."

Walikula kwanza, wameketi kwenye vibao. Kisha wakaanza na kabati la chini, ndilo lililokuwa baya zaidi. Maimunah alieleza alichofanya: sabuni, siki, magadi, mkaa, bakhuri. Lanyero aliitikia kwa kichwa kila neno, akasema kwao Kamwokya walijaribu hayohayo kwenye sanduku la nguo, hata majani ya chai yaliyokaushwa. Aliingiza mkono ndani, akapapasa ubao wa nyuma, akautoa na kuusugua kwenye sketi. Akamwomba Maimunah naye aguse. Maimunah aliingiza mkono. Alikuwa amesugua rafu, milango, pembe zote, lakini nyuma alipitisha brashi tu kwa mbali, maana mgongo ulikataa kuinama kiasi hicho. Ubao ulikuwa baridi, na ulibonyea.

"Umeloa," alisema.

"Umeloa, na wewe hujaosha tangu juzi?"

"Sijaosha."

Walitazamana. Hapo wakajua kwamba walikuwa wakipambana na kitu kilicho nyuma, wala si ndani.

Kulitoa kabati ukutani kulichukua nguvu zote walizokuwa nazo. Skrubu zilikuwa zimeota kutu, moja ikakatika kichwa. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma tena, Lanyero akihesabu kwa Kiacholi na Maimunah akisema Bismillahi. Lilipoachia, plaiwudi ya nyuma ilibaki imeganda ukutani vipande vipande, laini kama mkate uliotumbukia kwenye chai, nyeusi kwa ukungu. Harufu ilijaa jiko lote. Lanyero alikimbia kufungua dirisha, akatoka nje kukohoa. Maimunah alibaki anaukodolea macho ukuta. Rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na mstari wa maji ulishuka kutoka kimo cha kifua hadi sakafuni, uking'aa.

Walizunguka nje kuona yanakotoka. Upande ule wa nyumba ndiko lilikokuwa tangi la maji, limekalia jukwaa la matofali lililojengwa kugusana na ukuta. Bomba lake lilikuwa linavuja kwenye kiungo, si kwa kasi, tone baada ya tone, na kila tone liliteremka kwenye plasta. Kuvu ya kijani ilikuwa imeota pale kama zulia.

Maimunah alilitambua tangi hilo vizuri. Yasiin ndiye aliyelileta mwaka mama alipopooza, ili dada yake asipandishe majerikani kutoka bondeni. Alikuwa amelia kwa shukrani siku lilipojazwa. Tangu hapo alichota maji yake humo kila alfajiri, bila kutazama nyuma yake.

"Tangi hili halikunisaidia mimi peke yangu," alisema. "Na ukuta nao lilikuwa likiunywesha."

Lanyero alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiye na usingizi, kikageuka kikohozi. Alifunga maji ya tangi. Wakaketi chini kwenye kivuli cha nyumba, migongo kwenye ukuta mkavu wa upande wa pili, miguu imenyooshwa mbele, madoa ya ukungu mpaka kwenye viwiko. Chini kule ziwa lilionekana kati ya mapaa ya mabati, jeupe kwa mwanga.

Lanyero ndiye aliyeanza. Alisema siku ile alipouliza kuhusu makabati aliona uso wa wifi yake ukibadilika, na njia nzima kurudi mjini alijilaumu. Hakutaka kumdharau marehemu. Mtoto wake mdogo ana pumu. Mwezi uliopita alikesha naye hospitalini, na daktari alimuuliza kama nyumbani kuna ukungu. Zaidi ya Yasiin, alikuwa hajamwambia mtu wa ukoo kwa sababu aliogopa kuambiwa kwamba anatafuta visingizio vya kukataa nyumba ya mama mkwe.

"Mimi jiko hili nilikuwa nalijua kutokea mlangoni tu, wifi," alisema. "Ningejuaje la kusema?"

Maimunah alikwaruza tope kwenye kucha. Aliikumbuka sahani ya maua mekundu. Mara nyingi yeye ndiye aliyeibeba.

"Mama alikuwa na mambo yake," alisema hatimaye. "Na mimi nilikuwa na mkono wa kuyabeba. Usiniombe nimseme zaidi ya hapo."

"Siombi."

Kisha Lanyero akasema kwamba, hata hivyo, anashukuru atakuwa hapa pamoja naye angalau mpaka watoto wazoee shule mpya, maana Yasiin alimwambia kwamba baada ya hapo Maimunah anatamani kwenda kupumzika kwa Habibah.

"Kupumzika?" Maimunah aligeuza kichwa.

"Ndivyo alivyoniambia. Kwamba wewe ndiye uliyetaka."

Maimunah alimweleza juu ya simu ya Nimule, kitanda kwenye chumba cha wajukuu, na neno "mtasaidiana". Alieleza polepole, bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Lanyero alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Maimunah hakuwahi kuulizwa tangu siku aliyofunga kibanda chake Nateete.

"Wewe unataka nini?"

Maimunah alifikiri angesema anataka kubaki, au anataka kurudi sokoni, au kwenda Arua kumwona binti yake. Yote yalikuwa ya kweli, lakini hakuna hata moja lililokuwa karibu.

"Nataka kulala," alisema. "Nimechoka, Lanyero. Nimechoka mpaka sijui mwili huu ni wa nani. Sitaki kwenda kulea wajukuu wa Habibah. Na usikasirike, wako pia sitaki kuwalea. Nawapenda. Lakini nimechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Alitegemea kuona aibu, na aibu ikaja kidogo, ikapita. Lanyero hakumwambia pole wala hakumwambia avumilie. Alitoa simu yake mfukoni, akaifuta kwa upindo wa fulana, akampa.

"Mwambie mwenyewe. Mimi nikimwambia atasema nimekutia maneno."

Yasiin alipokea akidhani ni mkewe. Maimunah alimwambia kwanza kuhusu tangi na ukuta, kwamba makabati hayana kosa, na jukwaa lazima lisogezwe kabla mtu hajarudisha kitu. Yasiin alisema atatafuta fundi. Kisha Maimunah akavuta pumzi.

"Na mimi siendi Nateete, Yasiin."

Mdogo wake alianza kueleza. Alisema alifikiria mema, alisema Habibah ameshatandika, alisema nyumba itakuwa imejaa na atapata usumbufu. Maimunah alimwacha amalize.

"Hii ni nyumba ya baba yetu," alisema. "Nitakaa chumba cha nyuma. Sitakuwa mpishi wa mtu wala yaya wa mtu. Siku nikitaka kupika nitapika. Nikishapata nguvu, nitatafuta tena kazi yangu. Sasa hivi sina."

Kisha Yasiin akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakujua. Maimunah akamjibu kwamba hata yeye alikuwa hajasema. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe atamwambia Habibah, na hakulitazamia jambo hilo kwa furaha.

Kweli Habibah alikasirika, akasusa kupiga simu kwa muda. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Mchana huo waliyatoa makabati yote nje. Ya juu yalikuwa mepesi, nyuma yake kukavu, yameshika uvundo kwa ujirani tu. Waliyaegemeza kwenye ua, milango wazi, yakaangalia jua. Mvule wenyewe ulikuwa mzima. Lanyero alipopitisha msasa kwenye mlango mmoja, chini ya weusi ilitokea rangi ya asali. Walipiga msasa kwa zamu. Lanyero alianza kusinzia amesimama, msasa ukienda taratibu, taratibu, mpaka ukasimama. Maimunah alimnyang'anya, akamwonyesha mkeka. Alilala palepale sebuleni, kati ya bilauri za wageni na chupa za chai, mdomo wazi, na Maimunah akamfunika leso.

Fundi alikuja wiki iliyofuata, mwashi mmoja anayeitwa Obwona, mtu wa maneno machache na kazi ya polepole. Alivunja jukwaa, akalijenga upya mbali na nyumba, akabandua plasta yote iliyooza mpaka kwenye tofali. Alisema ukuta uachwe hivyo, uchi, upumue mpaka ukauke, na kwamba anayepaka rangi juu ya maji anapaka hasara. Lakini mvua za msimu zilikuwa zimeanza, na ukuta haukuwa na haraka. Mwenye nyumba wa Kamwokya naye hakuwa na subira. Ikabidi Lanyero na watoto wahamie kabla jiko halijawa tayari.

Walipika barazani kwa sigiri, sufuria zikiwa zimepangwa kwenye makatoni. Mtoto mwenye pumu alilazwa chumba cha mbele, mbali kabisa na ukuta ule, dirisha likiwa wazi mchana kutwa. Nyumba iliyokuwa kimya ikajaa viatu, madaftari, ugomvi wa rimoti, na redio ya polisi ambayo Lanyero wakati mwingine alisahau kuizima. Maimunah aliona uchovu wake haukuondoka kwa sababu tu aliutaja. Ulikuwepo asubuhi, ulikuwepo kwenye magoti. Mara kadhaa aliinuka kutengeneza uji wa watoto kabla ya kukumbuka alichomwambia Yasiin, na mara kadhaa alipokumbuka aliendelea kuutengeneza tu, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza. Mara nyingine alirudi kitandani.

Suala la sufuria Lanyero alilimaliza mwenyewe siku ya pili. Alisema yeye anakula anachokula akiwa kwao Gulu au kazini, na humu ndani atapika kama nyumba inavyopika. Hakusema kwa unyonge. Maimunah aliitikia kwa kichwa. Sahani zote zikaoshwa pamoja, zikaanikwa pamoja.

Ukuta ulipokauka, Obwona akapiga plasta mpya na chokaa, na makabati yakarudi, yamewekewa ubao mpya kwa nyuma na vigingi vya kuyatenga na ukuta ili hewa ipite. Mlango mmoja ulikuwa umepinda kwa jua, haukufunga vizuri tena. Mengi yalinuka mbao tu. La chini, lililokaliwa na mkebe wa mukene miaka yote, lilibaki na kitu kidogo, siku za mvua hasa. Waliweka humo ndoo na brashi, wakaacha kulihangaikia.

Alasiri moja, wiki chache baada ya hapo, Maimunah alizinduka usingizini akiwa hajui ni saa ngapi. Mvua ilikuwa imepita. Alisikia jikoni watoto wakigombana nani amemenya vitunguu na nani hajamenya, na Lanyero akiwaamuru kwa sauti yake ya kazini. Kitu cha bati kikaanguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Alingoja mtu amwite. Hakuna aliyemwita. Akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka begani, akalala tena.